Milimita 6

Ramani yangu ya Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mno, hata pale mikunjo miwili inapokutana pametoboka. Ni karatasi ya skeli ya 1:50,000 ya mfululizo wa Y742, zile ramani za serikali ambazo aliyesoma jiografia sekondari hapa Tanzania huenda alikutana na kipande chake kwenye chumba cha mtihani. Karibu na tundu hilo, juu ya uwanda wa Lukwangule, nimeweka vidoti viwili vya penseli. Kati yao pana milimita 6.

Aliyenifanya niandike ni kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anaendesha lori kati ya Dar na Tunduma. Alinipigia wiki iliyopita, tukaulizana habari za nyumbani na kazi, kisha akasema, "Madam, hivi bado mnawapimisha watoto barabara kwa uzi? Simu si zipo?" Nilimwambia bado tunapima. Jibu kamili halikuenea kwenye simu, ndilo hili.

Nafundisha jiografia Morogoro, huu ni mwaka wa 14. Kila mwaka vidato vya juu hupitia mambo yaleyale: kusoma gridi, kupima umbali kwa uzi uliolazwa juu ya barabara na kunyooshwa kwenye rula, kupima mwelekeo kwa protrakta, kusoma kontua, ile mistari ya urefu wa ardhi, ili ujue wapi pana mlima na wapi pana bonde. Nimesahihisha maelfu ya majibu ya namna hiyo. Ukiniuliza kabla ya Desemba ile, ningekuambia najua kusoma ramani.

Desemba hiyo, shule zikiwa zimefungwa, mimi na mwenzangu anayefundisha bayolojia tulipanda gari la Mgeta. Pale Sangasanga unaiacha barabara ya Iringa na kuanza kupanda, na kila kona hewa inabadilika. Tulilala Nyandira, mahali ambapo asubuhi unaamshwa na watu wanaopakia kabichi, njegere na viazi kwenye magari ya mjini. Kibali cha hifadhi tulikuwa nacho, na tulikuwa na kijana wa Tchenzema wa kutuongoza, umri wake haujafika 25. Amekulia pale. Uwanda wa juu ameuvuka na baba yake tangu akiwa mtoto.

Lukwangule inahitaji kuelezwa kwa asiyewahi kufika. Watu wengi wakisikia Uluguru wanafikiria Bondwa na minara yake, au Lupanga inayoutazama mji wa Morogoro. Huko ni Uluguru ya kaskazini. Lukwangule iko kusini, ni uwanda mpana wa nyasi ulio juu ya msitu, kwenye urefu wa zaidi ya mita 2,400. Unapanda saa nyingi ndani ya msitu wenye giza na kuvumwani inayoning'inia kama ndevu kila tawi, halafu msitu unakwisha ghafla na unasimama kwenye nyasi. Siku ya jua ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kutia mguu mkoani kwetu. Siku ya ukungu hakuna mti, jiwe wala kilele cha kukushika mkono. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupanda milima hii ukiwa na unyevu wake, na ukungu ni jambo la kawaida huko. Ndiyo maana mto Ruvu haukauki, na ndiyo maana Dar es Salaam ina maji ya kunywa.

Tulitoka msituni saa 4 asubuhi. Saa 5 ukungu ulikuwa umetufunika, nikinyoosha mkono na kumtazama mwenzangu hatua 30 mbele naona kivuli tu. Njia huko juu ni mkanda mwembamba wa udongo mweusi kati ya mashungi ya nyasi. Tulifika mahali pa chepechepe ambapo maji yalikuwa yamejaa kuliko kawaida, tukapazunguka kwa upande wa kushoto, na tulipomaliza kuzunguka njia haikuwepo.

Nikatoa simu.

Hapa niseme jambo ambalo nimeona watu wazima wengi hawalijui, na kutolijua kunawafanya wazime kifaa kilichokuwa tayari kuwasaidia. GPS haili bando. Setelaiti zake, ambazo hazipungui 24 kwa kazi hiyo, zinazunguka kwenye urefu wa karibu kilomita 20,200, na kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo. Simu yako inasikiliza tu. Ikisikia nne au zaidi inapiga hesabu ya mahali ulipo, na uwanjani penye anga wazi inaweza kukosea mita 5 hivi. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayowekwa chini ya ile doti ya bluu. Kwa hiyo ukienda msituni bila kupakua ramani, simu inajua kabisa ulipo lakini haina cha kukuonyesha. Jambo la pili: mahali pasipo na mtandao simu hutafuta minara bila kuchoka, na kutafuta huko ndiko kunakomaliza chaji. Iweke kwenye hali ya ndege. Simu nyingi zitaendelea kusoma setelaiti vizuri tu.

Mimi la kwanza nilikuwa nalijua, la pili sikulitilia maanani. Doti ya bluu ilikuwa imekaa katikati ya ukurasa mtupu. Lakini niliona sina haja ya picha, kwa kuwa ramani ya karatasi ninayo na namba simu itanipa. Niliiweka simu isome UTM kanda ya 37, yaani namba za gridi ya mita kama zilizo kwenye karatasi, nikaandika namba kwenye daftari, nikapiga goti, nikaitandaza karatasi juu ya begi na kuanza kupima kwa rula kama nilivyowafundisha watoto. Ile ni skeli ya 1:50,000, kila sentimita 2 ni kilomita moja. Kidoti kiliangukia kusini mwa njia, zaidi ya milimita 5 chini ya ule mstari wa kukatikakatika. Maana yake tulikuwa tumeivuka njia bila kuiona, tukaenda karibu mita 300 upande wa kusini.

Kilikuwepo kitu kimoja ambacho hakikukubaliana. Pale kidoti kilipoangukia, kontua zimesongamana. Ramani ilikuwa inasema tumesimama kwenye mteremko mkali, na miguu yetu ilikuwa kwenye nyasi tambarare kama uwanja wa mpira. Niliona tofauti hiyo. Nakumbuka kabisa kuiona. Nikaipita, kwa sababu simu ilikuwa imetoa namba kumi na tatu na mimi nilikuwa nimezipima kwa uangalifu, na jambo lililopimwa kwa uangalifu lilinishinda nguvu.

Nikasema, "Tumeteleza kusini. Tupande kaskazini, tutaikuta njia."

Kiongozi wetu aligeuza uso mkono wa kulia, akatazama kidogo, kisha akaitazama ramani. Akafunga mkoba wake tukaondoka.

Tulitembea dakika 20 kwenye mashungi ya nyasi, mguu unazama huku na mwingine unakwama kule. Njia hatukuiona. Nikaitoa tena simu, ilikuwa na asilimia 4. Kabla sijamaliza kusoma namba ikazima. Pawa benki ilikuwa kwenye begi, waya wake ulikuwa Nyandira juu ya kitanda. Mvua nyembamba ilianza. Mwenzangu, mwanamke mwenye maneno mengi, alikuwa hajasema lolote kwa muda, na kimya kile kiliniogopesha kuliko ukungu.

Ndipo nilipomgeukia yule kijana. "Mdogo wangu, wewe unaonaje?"

Akajibu kwa heshima, bila kunilaumu. "Madam, mimi pale tulipoisha kuzunguka maji niliona kama njia iko karibu, mkono wa kulia. Ila wewe ndiye mwenye ramani. Sasa hivi hata mimi sijui kulia ni wapi."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi sana. Mtu aliyekanyaga ardhi ile tangu utotoni alinyamaza kwa sababu mwalimu kutoka mjini alikuwa na karatasi na simu. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Tulikuwa tumemnyamazisha kwa namna tulivyopiga goti na kupima.

Dira ilikuwa shingoni mwangu tangu asubuhi. Ni ya bapa la plastiki, nililetewa na ndugu anayeishi Uswidi. Ina tabia yake: sindano za dira husawazishwa kulingana na sehemu ya dunia zitakakotumika, kwa kuwa nguvu ya sumaku ya dunia haivuti kwa ulalo tu, huivuta sindano chini pia, na huku kwetu kusini mwa ikweta ncha inayovutwa chini ni ile ya kusini. Dira ya Ulaya ya kaskazini imewekewa uzito wa kupambana na mvuto wa kule, kwa hiyo ikifika huku sindano inalala upande na kukwaruza kioo. Lazima niishike ikiwa imeinama kidogo ndipo izunguke. Ukinunua, uliza iliyosawazishwa kwa ukanda wetu, au ile inayofanya kazi dunia nzima. Na siku ile kulikuwa na jingine: kila nilipomsogelea kiongozi wetu sindano iliyumba. Ilikuwa panga lake. Nilimwomba arudi nyuma hatua kumi, na simu iliyozimika nikaitoa mfuko wa kifua nikaitia kwenye begi, maana spika ya simu ina sumaku ndani. Sindano ikatulia.

Tulikaa chini tukahesabu tunachokijua. Tulijua kwamba tumetembea kuelekea kaskazini. Kijana alijua kwamba kabla ya hapo njia ilikuwa karibu. Ramani ilionyesha njia ikienda mashariki na magharibi, na kusini kwake ardhi inaporomoka. Basi njia iko kusini yetu, kama ukuta mrefu uliolala, na mtu akienda kusini moja kwa moja hawezi kuukosa, asipopita bila kutazama chini. Kabla hatujaondoka nilisema mambo mawili kwa sauti. Kwanza, njia inapaswa kutokea kabla ya mita 800. Pili, tukianza kuteremka tumeipita, tunasimama palepale.

Hayo mambo mawili ndiyo yaliyobadilisha safari. Tangu asubuhi sikuwa nimesema hata mara moja, "Tukienda sawasawa, tutaona kitu fulani baada ya muda fulani." Nilikuwa nikitembea, nikipotea ninauliza kifaa, kifaa kinajibu. Mtu anayetembea kwa ramani na dira anatabiri kila baada ya kitambo: mto utakuja mkono wa kushoto, mlima utaanza baada ya robo saa, bonde litakuwa upande ule. Ardhi inamkubalia au inamkatalia. Ikimkatalia anasimama akiwa amepotea mita 100, hajafika kilomita mbili. Kule penye kidoti ardhi ilikuwa imenikatalia waziwazi, ila mimi sikuwa nimetabiri chochote, basi kukataa kwake hakukuwa na pa kugonga.

Kutembea kwa dira ndani ya ukungu kunafanywa hivi. Mmoja anatangulia hadi mwisho wa macho, pale kivuli chake kinapokaribia kufutika. Anayeshika dira anabaki nyuma, anamwelekeza kwa sauti: kushoto hatua mbili, rudi moja, hapo hapo. Aliyetangulia hasogei. Mwenye dira anatembea hadi alipo, anampita bega kwa bega, na zamu inaanza upya. Ni polepole mno. Mwenzangu alipewa kazi ya kuhesabu. Kwenye barabara tambarare mguu wangu wa kushoto hugusa chini mara 65 hivi kwa kila mita 100. Kwenye mashungi yale tulikubaliana iwe 80. Kila ikifika 80 alifunga fundo kwenye kamba ya kofia yake.

Alipokuwa anakaribia kumaliza fundo la tano, kijana aliyekuwa mbele alichuchumaa. Kisha akainuka na kupiga makofi. Udongo mweusi, uliokanyagwa, unaoteleza. Tuligeuka kulia kuelekea magharibi, tukazikuta zile chepechepe, tukaona alama za buti zetu za asubuhi upande wa pili, na saa 12 jioni tulikuwa Tchenzema tunakunywa chai ya tangawizi jikoni kwa mama yake. Sikueleza mengi pale. Mikono ilikuwa inanitetemeka kidogo nikaishikisha kikombe.

Kosa lilikuwa wapi? Niliumia wiki nzima. Simu haikuwa mbovu, rula haikuwa mbovu, namba nilizirudia nikakuta nimezipima sawa. Mwishoni nilichukua ramani ya Morogoro mjini nikaenda kusimama mahali ambapo ramani haina shaka napo, yaani stesheni ya zamani ya reli, ile reli yenye upana wa mita moja iliyofika Morogoro mwaka 1907. Nikasoma simu, nikapima kwenye karatasi. Kidoti kikaangukia kusini ya stesheni milimita 6, na kidogo mashariki, chini ya milimita 2. Nikaenda kwenye tuta ambapo barabara inavuka reli: milimita 6 kusini. Mahali pa tatu, milimita 6 kusini. Nilisimama kando ya reli na rula mkononi, watu wananipita wakinishangaa, na machozi yakinilengalenga. Kosa lililo sawa kila mahali lina sababu.

Sababu imeandikwa pembezoni mwa ramani, kwa herufi ndogo, chini kabisa. Inasema ramani imejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960 na umbo la dunia liitwalo Clarke 1880. Simu yangu inatumia WGS84. Dunia si mpira ulio duara kamili, na kila mfumo unachagua umbo lake la kuikadiria na mahali pa kuanzia kuhesabu. Arc 1960 ina historia ndefu na nzuri. Mnamo 1879 David Gill, mwanaastronomia wa Cape, huko Afrika Kusini, alitoa wazo la kupima mnyororo wa pembetatu kutoka Cape hadi Cairo kwa kufuata longitudo ya 30, na watu wakapanda milima kwa vyombo vya kupimia, kilele hadi kilele, vita zikaingilia kati, kazi ikaunganishwa mwaka 1954. Ramani zetu zimesimama juu ya jasho hilo. WGS84 imetokana na setelaiti, na kitovu chake ni kitovu cha uzito wa dunia nzima. Hesabu ya mmoja haitui juu ya hesabu ya mwingine. Kwa huku kwetu, ukichukua namba za WGS84 na kuzipima kwenye karatasi ya Arc 1960, unatua karibu mita 300 kusini na chini ya mita 100 mashariki ya mahali ulipo kweli. Simu ilikuwa sahihi. Ramani ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyezikutanisha bila kuuliza kila mmoja anaanzia wapi kuhesabu.

Programu nyingi za simu zinaweza kubadilishwa zisome Arc 1960. Inachukua dakika moja. Nilifundisha miaka 13 kutoka kwenye karatasi hizi na mistari ile midogo sikuwahi kuwasomea wanafunzi, kwa kuwa haiulizwi kwenye mtihani.

Najua kuna watakaosoma hapa na kusema, basi achana na simu rudi kwenye dira. Mimi siwezi kusema hivyo, na sababu yangu ni baba.

Nimezaliwa Moa, wilaya ya Mkinga, mtoto wa mvuvi wa mshipi. Baba alikuwa na miamba yake baharini, mahali pa chewa na changu, na hakuna mwamba uliokuwa na alama juu ya maji. Aliukuta kwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu kwa mpigo: kilele kimoja cha Usambara kikae sawasawa juu ya mnazi fulani, na upande mwingine mnara wa msikiti uingie kwenye pengo la mikoko. Mistari miwili ikikatana, shusha nanga. Ni hesabu ileile ninayoifundisha kwa protrakta ninapowaambia watoto wachore mielekeo miwili na kutafuta inapokutana; baba hakuwahi kuichora. Ilikuwa elimu nzuri mno, na ilikuwa na mashaka yake. Mnazi mmoja ulikatwa ili kujenga nyumba, na mwamba wake ukapotea kwa msimu mzima. Siku za utusitusi milima haionekani kabisa. Usiku ndiyo basi, zinabaki nyota, upepo na mlio wa mawimbi kwenye fungu. Wenzake baba wapo waliotoka usiku wa kusi na hawakurudi.

Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Wamarekani walikuwa wanaichafua kwa makusudi ishara ya GPS wanayopewa raia, ili isiwe sahihi kama ya jeshi lao. Walipoacha, kosa lililokuwa linafika mita 100 likashuka ghafla, na taratibu vifaa vya mkononi vikaanza kufaa hata kwa mtu anayetafuta mwamba mmoja. Binamu yangu alinunua kimoja cha mtumba. Baba, ambaye mgongo ulikuwa umeanza kumkatalia kazi, hakunung'unika hata kidogo. Aliingia naye chomboni siku mbili mfululizo. Kila walipofika juu ya mwamba alilinganisha milima yake na minazi yake, akasema "bonyeza", binamu akabonyeza. Miamba 11. Na kwenye kila mmoja alimweleza samaki gani wanakaa hapo wakati wa kaskazi, na kwamba bamvua usithubutu kutia nanga upande wa nje. Hayo kifaa hakina pa kuyaandika, binamu ameyaweka kichwani. Baba sasa analala usingizi akijua kijana yuko baharini. Siwezi kumdharau mtu wala kifaa kilichompa baba usingizi huo.

Huku bara, kusema ukweli, ramani ya karatasi haijawahi kuwa kitu cha mtu wa kawaida. Ilikuja na wapimaji, ikakaa maofisini, wengi wetu tukaiona kwenye mtihani na kuagana nayo hapohapo. Sisi tulikuwa tunauliza njia. Hata leo dereva wa bodaboda uliyemwita kwa simu, anayeiona alama yako kwenye kioo chake, bado anakupigia: "Upo karibu na nini?" Anataka duka la Mangi, anataka mti, anataka geti la bluu. Anataka kitu cha kutegemea kukiona kabla hajakiona. Nikimsikia sasa, namsikia anafanya lile ambalo mimi nilishindwa kulifanya Lukwangule.

Shuleni nimebadilisha somo. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo tunatumia yangu moja, na haitoki mfukoni hadi wamalize. Nawatoa nje kwa makundi ya watu watano, kila kundi lina nakala ya ramani na dira. Wanatembea hadi mahali ninapowaambia, wanakaa, wanatazama vilima, wanaweka kidoti, na pembeni wanaandika kwa Kiswahili au Kiingereza wanavyotaka: "Tukiwa hapa kweli, mto utakuwa upande huu, na tukitembea hatua 200 kuelekea kule tutaanza kupanda." Wanakwenda kuhakikisha. Ndipo natoa simu, kwanza ikiwa WGS84, na nawaacha wapime wenyewe na kupata shida. Kimya kinatanda. Wanaanza kushukiana vipimo. Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha tatu aliinamia karatasi muda mrefu, akasema, "Madam, makundi yote tumekosea sawasawa." Sikumwambia kitu. Nilimwonyesha kwa kidole ile mistari midogo ya chini, akaisoma kwa sauti darasa zima likimsikiliza.

Juni, likizo, nilirudi Lukwangule na watu walewale. Safari hii nilimwomba yule kijana wa Tchenzema atembee mbele na nikamwambia mbele ya mwenzangu kwamba akiona naelekea kubaya apige kelele, awe na uhakika au asiwe nao. Dira alivaa yeye. Panga alilibeba mwenzangu, nyuma kabisa.

Anga ilikuwa safi, kilele cha Kimhandu kilionekana chote. Zile namba za Desemba nilikuwa nazo kwenye daftari. Nilizitia kwenye simu kama zilivyokuwa, WGS84 kwa WGS84, ikatuongoza kwenye nyasi hadi mahali palepale nilipopiga goti. Nilipatambua kwa ule utambarare wake na kwa maji ya chepechepe yaliyokuwa yamepungua upande wa magharibi. Hapo ndipo nilipoweka kidoti cha pili kwenye karatasi.

Kijana alisimama karibu yangu, akanyoosha mkono wa kulia kama alivyogeuza uso siku ile, akaanza kutembea huku akihesabu kwa sauti. Njia ilikuwa hatua 46.